Lezi ya zamani isome kwanza kabla hujaiweka kwenye mizani ya chuma chakavu

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, walimu, mafundi wenzangu, na nyie vijana mambo vipi, asanteni kwa kuja.

Leo naongelea lezi za zamani, zile mashine za kuchongea vyuma ambazo zimekaa kona ya karakana miaka na miaka, zimejaa vumbi na grisi iliyokauka, hakuna anayejua zilitoka wapi, alafu siku moja anakuja mtu na mizani anataja bei ya kilo na mashine inakatwa vipande inapakiwa. Hilo jambo linaniuma sana na ndo sababu nimekubali kusimama hapa. Mimi naamini mashine inayouzwa kwa kilo ni ile ambayo mwenyewe hajui ana nini. Ukishajua nani aliitengeneza, kipindi gani, na kila kiungo chake kiliwekwa kutatua shida gani, kwanza utaionea huruma, pili utajua spea uzitafute kwa jina gani, na hapo ndo inaanza kufufuka.

Sasa tuanze mbali kidogo. Kuzungusha kitu na kukichonga kikiwa kinazunguka ni ufundi wa zamani mno, kule Misri kwenye kaburi la kuhani mmoja anaitwa Petosiris kuna picha ya miaka kama 300 kabla ya Kristo inaonyesha watu wawili kwenye lezi, mmoja anavuta kamba kuzungusha kazi, yani kile kipande kinachochongwa, mwenzake anachonga. Na huku kwetu pwani, nani hajaona miguu ya vitanda vya Lamu iliyokerezwa, yale mafundo mafundo yaliyofuatana vizuri, ile kazi wazee walikuwa wanaifanya kwa upinde na kamba. Ila hizo zote zina kitu kimoja, patasi imeshikwa na mkono wa mtu. Kwa mbao inatosha kabisa. Kwa chuma ni balaa, chuma kinasukuma, mkono unatetemeka, ukimaliza shafti ya futi mbili huku nene huku nyembamba, na fundi akichoka mchana kazi ya mchana sio ile ya asubuhi.

Kwahiyo historia nzima ya lezi ya chuma mimi naiona kama swali moja tu, nani ashike kisu? Na jibu lake likazaa swali la pili, kisu kikishashikwa na mashine kisogezwe na nini ili kitembee sawasawa bila kuruka? Jibu ni skrubu. Lakini sasa skrubu nzuri utaipata wapi kama mashine ya kuikata skrubu nzuri yenyewe inahitaji skrubu nzuri ndani yake? Hapo watu walikwama karne nyingi. Leonardo da Vinci alichora mashine za kukata skrubu, Mfaransa Vaucanson katika karne ya 18 alijenga lezi yenye kitanda cha vyuma vilivyonyooka, ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya ufundi Paris, Jesse Ramsden kule London miaka ya 1770 alihangaika sana na skrubu kwa ajili ya mashine yake ya kugawanya nyuzi za vipimo vya mabaharia, Mfaransa mwingine Senot ana lezi ya kukata skrubu ya 1795, na Marekani David Wilkinson alipata hati yake ya ugunduzi 1798. Nawataja wote hawa makusudi maana utasikia watu wanasema Mwingereza mmoja, Henry Maudslay, ndo aligundua lezi, sio kweli, kila kipande kilishawahi kufikiriwa na mtu. Alichofanya Maudslay ni kuvikutanisha, tena kwa chuma, tena kwa usahihi ambao uliwezekana kurudiwa kesho na keshokutwa.

Na huyu Henry Maudslay naomba nimkalie kidogo maana maisha yake vijana mnatakiwa muyajue. Alizaliwa 1771 Woolwich, Uingereza, baba yake askari. Akiwa na miaka 12 alishaingia kazini kwenye karakana za silaha za serikali hapo hapo Woolwich, kazi ya kujaza baruti, alafu akahamishiwa kwa maseremala, alafu kwa wahunzi ambako ndo roho yake ilikuwepo. Hakwenda chuo chochote. Alipofika miaka 18 akachukuliwa na Joseph Bramah, mtengeneza kufuli maarufu wa London, ambaye alikuwa na kufuli zuri ajabu ila kulitengeneza kwa wingi kulikuwa kunamshinda maana kila kipande kilihitaji usahihi ambao mikono ya mafundi haikuweza kuurudia. Maudslay akatengeneza mashine za kutengenezea hizo kufuli. Moja ya kufuli za Bramah iliwekwa dirishani kwenye duka na zawadi ya gini 200, pesa ya zamani ya Uingereza, kwa atakayeifungua, ikakaa mpaka 1851 ndo Mmarekani anaitwa Hobbs akaifungua, tena kwa masaa 51 ya kazi yaliyogawanywa kwenye siku nyingi.

Mwaka 1797 Maudslay alikuwa ndo msimamizi wa karakana, analipwa shilingi 30 kwa wiki, ana mke na watoto, akaomba nyongeza akanyimwa. Akaondoka akafungua karakana yake ndogo London. Na kati ya mwaka huo na 1800 ndo ikatoka ile lezi yake ya kukata skrubu, ambayo leo ipo Science Museum London. Ni mashine ndogo, ukiiona unaweza usiamini kama ndo hiyo, lakini angalia ilivyo na vitu vyake. Kitanda chake ni vyuma viwili vya pembe tatu, na kigari kinachobeba kisu kinatembea juu yake bila kuyumba. Kuna skrubu ndefu inayosukuma kigari. Na kuna gia za kubadilisha kati ya spindo inayozungusha kazi na hiyo skrubu ndefu, yani ukibadilisha gia unapata thredi nyingine, ile mifereji inayozunguka skrubu, kutoka kwenye skrubu ile ile moja. Hiyo ndo siri, skrubu moja iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa inazaa skrubu za kila aina! Baadae akatengeneza skrubu ya urefu wa futi 5, unene inchi 2, yenye thredi 50 kwa kila inchi, na nati yake ina urefu wa inchi 12 kwahiyo ndani yake kuna thredi 600 zinazokaa pamoja bila kukwaruzana. Fundi yeyote hapa anajua hiyo sio kazi ya kitoto hata leo.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa mashine za kutengeneza kapi za meli za jeshi la maji kule Portsmouth, mawazo yalikuwa ya Marc Brunel, mashine zikajengwa na Maudslay, na watu 10 wasio na ufundi mkubwa wakawa wanafanya kazi iliyokuwa ya mafundi 110. Lakini kwangu mimi kitu alichoacha kikubwa zaidi ni watu. Karakana yake ilipita Richard Roberts, Joseph Clement, Joseph Whitworth, James Nasmyth. Roberts alienda Manchester na 1817 akajenga lezi yenye gia za nyuma, ambazo nitazieleza sasa hivi maana ziko kwenye karibu kila lezi ya zamani mtakayoikuta. Whitworth ndo alileta kipimo cha thredi 1841, pembe nyuzi 55, kabla yake kila karakana ilikuwa na bolti zake na nati ya jirani haiingii. Na hapa mafundi bomba mtanielewa, zile thredi za mabomba ya maji ya nusu inchi na robo tatu mnazokata kila siku, pembe yake ni hiyo hiyo ya Whitworth nyuzi 55. Wamarekani wakaenda na ya kwao ya nyuzi 60 ya William Sellers, 1864.

Bas, tuingie kwenye mashine yenyewe, na nitaanza na kitanda. Hiki ni chuma cha kumimina, kizito, na ndo roho ya lezi. Angalia juu yake pale kigari kinapotembelea, kama kuna migongo ya pembe kama paa la nyumba mara nyingi ni mkono wa Kimarekani au waliowafuata Wamarekani, kama ni bapa tupu mara nyingi ni Kiingereza cha zamani. Sio sheria, ila ni dalili nzuri ya kuanzia. Na ukitaka kujua kitanda kimelika kiasi gani, sogeza kigari karibu na chaki, kile kinachobana kazi upande wa kichwa cha mashine, pale ambapo kazi nyingi ya maisha yake ilifanyika, kaza skrubu za kukibana mpaka kiwe kinateleza kwa ugumu kidogo, alafu kipeleke taratibu upande wa mkia, yani mwisho wa pili usio na chaki. Kikikwama njiani ujue upande wa chaki umelika. Kikienda mpaka mwisho hapo shika mashine yako usiiachie.

Kichwa cha mashine, hedistoki, ndo sehemu inayotaja umri zaidi ya zote. Zamani kiwanda kizima kilikuwa na injini moja ya mvuke inazungusha shafti ndefu juu karibu na dari, na kila mashine inachukua nguvu kwa mkanda bapa wa ngozi. Kwahiyo ukikuta puli ya ngazi ngazi, bapa, hatua tatu au nne, na hakuna sehemu ya asili ya kufungia mota, hiyo mashine ilizaliwa kuendeshwa kutoka juu, mota na stendi yake vimeongezwa na mtu baadae. Mikanda ya umbo la V inakuletea miaka ya 1930 kuja huku. Sasa gia za nyuma, ile ya Roberts, ni gia mbili kubwa na ndogo zinazokaa nyuma ya puli, ukichomoa pini inayoshika puli na gia kubwa ya mbele alafu ukaziingiza hizo za nyuma, spindo inapunguza mwendo na nguvu inaongezeka, ndo unachonga kitu kinene au unakata thredi bila mkanda kuteleza. Nimekuta lezi nyingi watu wanasema hazina nguvu, kumbe gia za nyuma zipo nzima kabisa, hakuna aliyejua kuziingiza.

Alafu beringi. Lezi nyingi za zamani spindo yake haikai kwenye gololi, inakaa kwenye bushi za shaba au metali nyeupe laini iliyoletwa na Mmarekani Babbitt 1839, na juu kuna vikombe vya mafuta. Nawaombeni sana, msikimbilie kuchimba kichwa cha mashine kuweka beringi za gololi eti hizi ni za kizamani. Zile bushi zimetengenezwa zirekebishwe, kuna nati au vipande vyembamba vya kupunguza nafasi inapolika, zinataka mafuta mepesi kila siku zinapofanya kazi na zinatoa kazi laini kuliko unavyodhani. Ukishatoboa kile kichwa hakirudi tena.

Kitu kingine kinachoonyesha umri ni unene wa mashine. Mwanzoni visu vilikuwa vya chuma cha kaboni, ukienda haraka kinaungua kinapoteza makali, kwahiyo mashine zilikuwa nyembamba kwasababu hazikuhitaji nguvu. Mwaka 1868 Robert Mushet akaleta chuma cha visu chenye tungsteni, na kati ya 1898 na 1900 Frederick Taylor na Maunsel White kule Bethlehem Steel Marekani wakapata njia ya kukipika kisu kiendelee kukata hata ncha ikiwa nyekundu kwa moto. Kilionyeshwa Paris 1900 na watu wakashangaa. Baada ya hapo lezi za zamani zikawa dhaifu kuliko visu vyake, viwanda vikaanza kumimina vitanda vizito, spindo nene, gia za chuma. Kwahiyo ukiona lezi ndefu ila miguu myembamba yenye maua maua na spindo kama kidole gumba, unaongea na mtu wa karne ya 19.

Skrubu ndefu ya mbele na gia zake, hapa ndo penye utamu. Thredi za mraba kabisa kwa kawaida ni za zamani zaidi, zile za mteremko kidogo pembe nyuzi 29 zinaitwa Acme zilikuja mwisho wa karne ya 19. Gia za kubadilisha mwanzoni zilikuwa za kuvua na kuvaa kwa mkono, fundi ana boksi la gia na chati, mpaka Wendel Norton alipopata hati yake 1892 ya boksi la gia la kubadilisha kwa mkono mmoja, lilianza kwenye lezi za Hendey za Torrington, Connecticut. Na kwenye boksi lako la gia tafuta yenye meno 127. Ukiikuta, usiiuze usiiazime mtu. Inchi moja ni milimita 25.4, ukizidisha kwa 5 unapata 127, kwahiyo gia hiyo ndo inayoiwezesha lezi ya inchi kukata thredi za milimita sawasawa kabisa. Bila hiyo utakuwa unakaribia tu.

Mkia, ile sehemu inayoegemeza kazi au kushika dril, nitaupita haraka, angalia tundu lake kama ni la teipa ya Morse, yani tundu linalopungua upana kadri linavyoingia ndani, la Mmarekani Stephen Morse wa miaka ya 1860, maana hiyo bado inatumika mpaka leo na dril bado zinauzwa. Kama tundu lina teipa ya ajabu isiyoingia kitu, mashine ni ya zamani zaidi au ya kiwanda kilichopenda mambo yake.

Sasa jina. Mashine haina pleti, tunafanyaje? Kwanza usipige msasa! Chukua mafuta ya taa na brashi ya nywele, sio ya waya, safisha kichwa, kitanda upande wa mkia, mbele ya kigari, alafu sugua chaki ya ubaoni pale unapohisi kuna maandishi, herufi zilizogongwa zitaonekana nyeupe. Lezi za South Bend, kampuni ya ndugu mapacha O'Brien iliyoanza 1906 Indiana, namba inagongwa juu ya kitanda mwisho wa upande wa mkia. Myford ML7 ya Beeston, Uingereza, iliyotoka 1946, namba yake inaanza na K, na Super 7 inaanza na SK. Ila tofautisha namba iliyogongwa na namba iliyoinuka pamoja na chuma, ile iliyoinuka ni namba ya kalibu ya kumiminia, inafanana kwa mashine zote za aina hiyo, haitakwambia mwaka. Mashine za Kimarekani mara nyingi zina tarehe za hati za ugunduzi juu yake, hiyo inakwambia haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukikuta alama ya mshale wenye mistari mitatu inayokutana, hiyo ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi jeshi. Na tafadhali usitumie pleti ya mota kujua umri, mota zinabadilishwa kama tairi.

Ukianza kuulizia spea jihadhari na vipimo. Mwingereza anapima kutoka kitandani mpaka katikati ya spindo, Mmarekani anataja upana mzima wa kazi inayoweza kuzunguka, kwahiyo lezi ya inchi 9 ya Mmarekani ni inchi 4 na nusu kwa Mwingereza, mashine saizi ile ile. Watu wameagiza vitu vikaja visivyofaa, sababu ni hiyo tu. Na jua kuna mashine ndugu, South Bend ya inchi 9 ilifuatwa na Boxford wa Halifax na Hercus wa Adelaide, Australia, kwahiyo wa Boxford anaweza kujifunza mengi kutoka kwa South Bend. Lezi ya Drummond aina ya M wakati wa vita vya pili ilihamia kwa Myford, mashine moja majina mawili. Zile Colchester na Harrison ambazo wengi wenu mmezikuta vyuoni ni za Essex na Yorkshire, na bado watu wanazifanyia kazi dunia nzima.

Na kama gia imepotea au imevunjika meno, usikate tamaa, mashine za zamani za Uingereza na Marekani gia zake zinahesabika. Hesabu meno, ongeza 2, gawanya kwa kipenyo cha nje kwa inchi. Mfano meno 40, kipenyo cha nje inchi 2.1, inakuwa 42 gawanya kwa 2.1 unapata 20, na hiyo 20 ndo namba ya kumpa anayekuchongea gia mpya, Myford ML7 ni 20, South Bend ya inchi 9 ni 18. Jibu likikataa kuwa namba nzima, pima kwa milimita, chukua kipenyo gawanya kwa meno uliyoongeza 2, ikija 1 au 1.25 au 1.5 ujue mashine yako ni ya milimita, labda ya Ulaya bara. Mwenye gia iliyovunjika aliyeileta leo aje nayo mbele hapa, na venia, kile kipimo cha kupimia vipenyo, ipo, tuipime pamoja wakati wengine wanauliza maswali.